Nywele Zako Ndani ya Kibuyu

Baba,

Senge Berita amepiga simu tena asubuhi hii, na nimemdanganya tena. Ameuliza, "Umechoma?" Nikasema nimechoma. Akauliza, "Na ukamwambia aende?" Nikasema nilimwambia. Akasema haya basi, Mungu ni mwema, akakata simu. Dada yako hajawahi kumaliza simu bila kuuliza kama nimekula. Leo hakuuliza, kwa hivyo najua hajaniamini.

Sijachoma, Baba. Kiota bado kiko ndani ya kibuyu, kibuyu bado kiko ndani ya tundu la ndege, na nywele zako bado ziko ndani ya kiota. Ziko pale pale ulipoziacha.

Naandika kwa sababu Senge alisema siku ya kuchoma niongee na wewe kwa sauti, nikuambie uende. Mimi kwa sauti siwezi. Nikianza nitalia, na nikilia nitalia vile nililia kule nyumbani mpaka wakaniondoa kando ya kaburi, na hawa ndege wako watajigonga kwa waya. Kwa hivyo nimeketi hapa veranda na kalamu. Nimeketi, umesikia? Nimeinuka mara tatu tangu nianze. Mara ya kwanza kuangalia kama maji ya mtungi yamejaa, mara ya pili kufunga geti ambalo tayari lilikuwa limefungwa, na mara ya tatu sijui nilikuwa naenda wapi. Nimejikuta jikoni nimeshika kijiko.

Ulikuwa unaniambia kila siku, "Kageha, keti chini, unaogopesha wafanyakazi." Nilikuwa nakasirika. Mtu ametoka kazini Kisaju, amesimama dukani siku nzima akipimia watu misumari na kebo, anafika kwake anaambiwa asitembee haraka kwa sababu ya vitu ambavyo vyote sita havijai bakuli la uji. Nilikuwa nasema siku moja nitawafungulia mlango waende, wewe ukibaki na tundu lako. Nilisema hivyo mara nyingi, Baba, na wewe ulikuwa unacheka tu.

Siku hizi watu wakiniuliza ulianzaje mambo ya ndege nawapa hadithi yako ya Magadi. Kwamba ulikuwa karani kule kwenye kiwanda cha magadi, unaishi nyumba ya kampuni, joto la kutoa mtu ngozi, Mama ameshafariki na mimi niko shule ya bweni. Kwamba mwenzako wa ofisini alikuwa anastaafu anarudi kwao, akakuletea finchi wawili, vindege vidogo vya kufugwa, ndani ya katoni ya sabuni iliyotobolewa, ukawachukua kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza sana. Ulisema hawakuimba wiki nzima. Siku walipoanza ulifikiri ni mtoto wa jirani anabana mdoli wa mpira. Ulipostaafu na wewe ukaja kujenga hapa Kitengela walikuwa wamefika sita, wote na midomo myekundu, na madume na mashavu ya rangi ya chungwa. Ukawajengea tundu kwa ile waya ya kukaushia kahawa, ukawapa vyeo vya ofisini. Meneja, kwa sababu alitembea na kifua mbele na hakuna kazi alifanya. Mkaguzi, kwa sababu alichungulia sahani za wenzake. Karani na Mama Karani. Wale wawili wadogo ukawaita vibarua tu.

Na woga wao, jamani. Upepo wa hapa unabeba mfuko wa plastiki, wanapaa. Mbuzi wa jirani anakohoa, wanapaa. Lori linapiga honi kule barabara ya Namanga, wanapaa wote wanaenda kukaa kwenye kona moja wakihema. Wewe ukaweka sheria. Hakuna mtu kusogelea tundu bila kusema hodi mara mbili, taratibu, halafu asimame ahesabu mpaka kumi. "Ndege hapendi mtu wa ghafla," ulikuwa unasema. Mama Naserian, jirani yetu wa maziwa, alikusikia siku moja ukipiga hodi kwa ndege akaweka mtungi chini. Alisema kufuga ng'ombe anaelewa, hata kufuga nyuki anaelewa, lakini mzee mzima kuomba ruhusa kwa kitu kisichojaza kijiko, hiyo kwao hawakufundishwa. Hata hivyo ndiye aliyekupa kile kibuyu cha maziwa kilichopasuka, ukakitoboa mlango, ukakining'iniza wapate mahali pa kutagia.

Sasa nifike kwa nywele, maana ndiyo shida.

Unakumbuka ulikuwa umetoka hospitali wiki ile. Ulikuwa umekonda, na nywele zilikuwa zimemea nyeupe mpaka ukakataa kujiangalia kwa kioo. Kinyozi wa stendi ulimkataa, ukasema mashine yake inalia kama pikipiki na kichwa chako hakitaki kelele. Nikakutoa hapa veranda, nikakufunga leso shingoni, nikachukua makasi ya kushonea. Ulikuwa umekaa karibu na tundu, hodi ukapiga mwenyewe, na mimi nyuma yako nikanyata kama mwizi. Upepo ulikuwa unapita kama kawaida yake. Fungu moja la nywele likapeperuka likapita kwenye waya, likatua kwenye mchanga. Na Karani, yule anayekimbia kivuli chake, akashuka. Akaliangalia kwa jicho moja, akaliangalia kwa jicho lingine, akaliokota, akapanda nalo mpaka kwa kibuyu.

Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema, "Wameniajiri tena." Nikakuambia, Baba, si unajua watu wa nyumbani wanasema nini kuhusu ndege na nywele za mtu? Ukasema watu wa nyumbani hawamjui Karani. Ukanyoosha mkono, ukaokota zile zilizoangukia mapajani, ukawa unazipitisha kwenye waya kidogo kidogo na vidole vyako, na yeye anakuja kuchukua. Alikuja mpaka akagusa kidole chako. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi. Nilisimama na makasi mkononi sikusogea hata kidogo, na wewe hukuwa umeniambia nisisogee.

Ulituacha Jumapili ya pili baada ya hapo, asubuhi, chai yako ikiwa mezani haijaguswa.

Tulikupeleka nyumbani Vihiga. Ulizikwa vizuri, Baba. Mvua ilinyesha kidogo tu, wazee wakasema ni ya heri. Watu walikuja wengi kuliko chakula, na Senge Berita alisimamia sufuria kama askari wa trafiki. Siku ya tatu tulinyolewa sote kama ilivyo desturi. Mimi misuko yangu yote ilitoka, ile mikubwa uliyokuwa unaiita paa la nyumba. Nilipopapasa kichwa nilihisi baridi mpaka kwenye meno.

Siku kumi nilikuwa nimewaacha wafanyakazi na Mama Naserian. Nilirudi hapa saa nane mchana, nikaweka begi chini, na Baba, nikaja moja kwa moja. Sikusema hodi. Sikuhesabu. Nilitaka tu kuona kitu chako ambacho bado kinapumua, na nikakimbia, nikashika waya kwa mikono yote miwili, na hiki kichwa changu kitupu kinang'aa juani.

Walipasuka. Sina neno lingine. Walirukia juu, walirukia pembeni, manyoya yakaruka, na Meneja akaenda kwa kasi akagonga waya kwa kichwa akaanguka kwenye mchanga. Nilimtoa. Nilimshika vile ulinifundisha, shingo katikati ya vidole viwili, bila kubana. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka hata huwezi kuhesabu, halafu ukaacha.

Nimeua Meneja, Baba. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimzika ndani ya mkebe wa majani ya chai, kule nyuma, karibu na tangi. Mama Naserian aliponikuta nimekaa chini hakuniuliza mengi, aliangalia mkebe akaelewa. Aliniambia hata ng'ombe wake, siku akienda na shuka mpya, wanamshangaa kwanza. Ndege wale walikuwa wamezoea mtu mwenye misuko, na nani huyu sasa mwenye kichwa kama yai? Lilikuwa jambo la wazi, na mimi sikuliwaza. Mtu amenyolewa kwa sababu ya msiba wako, na msiba huo huo unakwenda kuua ndege wako.

Nikatafuta kilemba cheusi. Nikaanza upya kama mgeni. Asubuhi hodi mara mbili, kuhesabu kumi, kuweka wimbi, kubadilisha maji, kuondoka. Jioni hivyo hivyo. Nilichelewa kazini. Unajua mimi si mtu wa polepole, nilikuwa nahisi miguu inawasha ndani ya viatu. Wiki ya pili ndipo Karani alikula nikiwa nimesimama pale. Ndipo pia nikagundua kuwa Mama Karani haonekani. Nikachukua kile kioo chako kidogo cha kunyolea ndevu, nikakiinamisha kwenye mlango wa kibuyu. Kulikuwa na mayai matatu, meupe, madogo kama maharagwe, na yalikuwa yamelala juu ya nywele zako. Walikuwa wamezitandika vizuri kuliko mimi ninavyotandika kitanda. Nililia siku hiyo bila sauti, mara ya kwanza maishani.

Halafu Senge akaja.

Alikuja kuchukua koti lako na kiti chako, vile ilikuwa imeamuliwa nyumbani. Alileta ndizi, alileta wimbi la ndege pia, usifikiri alikuja na ubaya. Alikuwa anakunywa chai hapa veranda akaona unywele mweupe umetokeza kwenye mlango wa kibuyu. Akasimama na kikombe. "Nywele za nani hizi?" Ningesema ni za kondoo wa Mama Naserian, na angeamini. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikasema ni zako.

Aliweka kikombe chini polepole sana. Aliniambia mtu akiwa hai, ndege akijengea nywele zake, kichwa chake hakitulii, atatembea bila kujua anakokwenda. Na mtu akifa nywele zake zikiwa kwa ndege, hafiki. Anazungushwa tu, anapandishwa na kushushwa kama jani. Nikamwambia Senge kwamba wewe, Baba, ulizitoa mwenyewe kwa mkono wako. Akasema wewe tangu utoto ulikuwa unafanya mambo bila kuuliza. Halafu akaniangalia. "Na wewe, umelala lini mara ya mwisho?"

Hapo alinipata, Baba. Maana sikuwa nalala. Nilikuwa nafagia chumba kimoja mara tatu. Nilikuwa natoka kazini badala ya kuja nyumbani nafuata barabara kwa miguu mpaka naona nimefika mahali sina shughuli, nageuka. Dukani mteja ameomba misumari ya mbao, nimempa ya mabati, akarudisha, nikampa ya mabati tena. Kuhangaika nilizaliwa nako, lakini huku kulikuwa kwingine. Senge akasema damu ni moja, wewe ukizungushwa huko na mimi nazungushwa hapa. Nikamcheka mbele yake. Alipokwenda kuoga nikashika kichwa changu kwa mikono miwili kuona kama kimetulia.

Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza aliomba nitoe kiota. Siku ya pili aliagiza. Siku ya tatu, baada ya chai, nilimwona anakunja mikono ya rinda, ameshika koleo la jiko, anaelekea tundu. Nikakimbia, nikasahau sheria zako zote, nikapiga kelele, "Senge, wacha!" Ndege wakapaa wote, Karani, Mkaguzi, vibarua, wakajibana kwenye kona. Senge ameshafungua kimlango. Ameshaingiza koleo.

Na Mama Karani hakutoka.

Unamjua. Unajua ndege huyo anakimbia mtu akipiga chafya chumba cha pili. Chuma kile kilikuwa karibu na kichwa chake, na yeye amekaa mlangoni mwa kibuyu amefura, mdomo wazi, anatetemeka mpaka kibuyu kinatetemeka naye, na hatoki. Senge akasimama. Akatoa koleo. Akachungulia, na mimi nikachungulia juu ya bega lake, na tukaona kwa nini. Walikuwa wameangua. Vitoto vitatu, vyekundu, uchi kabisa, macho yamefumbwa, vimelaliana juu ya nywele zako.

"Amezaa lini huyu?" Senge akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikasema lazima ni jana au usiku. Akafunga kimlango kwa vidole viwili. Akavuta kigoda, akaketi. Halafu akasema, "Mzazi hatolewi nyumbani. Hata kama nyumba yenyewe ina makosa." Na baada ya muda akauliza amekula nini. Nikamwambia wakati wa watoto wewe ulikuwa unawapa yai la kuchemsha. Akasema kumpa ndege yai ni kama kumpa mtu nyama ya mtu, na akainuka akaenda kulichemsha. Alilivunjavunja kwa mikono yake mwenyewe, na maganda akayasaga na chupa vile ulikuwa unasaga.

Lakini hakuacha neno lake. Kabla ya kupanda basi aliniapisha. Siku vitoto vitakapotoka, siku hiyo hiyo, nitoe kiota chote, nikichome, nikuambie kwa sauti kwamba watoto wamekua, uende. Niliapa kwa jina la Mama. Ningeapa chochote wakati ule.

Natamani ungewaona, Baba. Siku ya tano manyoya yalianza kama vijiti vya sindano. Wakaanza kelele, kelele ya kuomba chakula ambayo hainyamazi, na Karani akaacha woga wote, anaenda sahani, anarudi, anaenda, anarudi, sikujua kiumbe kidogo vile kinaweza kuchoka na kisisimame. Nilikuwa naketi hapa naangalia. Saa nzima naketi. Mama Naserian alipita akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Sopa," nikajibu, "Epa," na sikugeuka, akaenda kumwambia mtu barabarani kwamba binti ya mzee wa ndege ameanza kuwa mzee wa ndege.

Walitoka Jumanne ya wiki iliyopita. Mmoja akaanguka kwenye mchanga akapanda tena, wa pili akafuata, wa tatu akakaa mlangoni nusu siku akifikiria. Jioni wote watatu walikuwa kwenye kijiti katikati ya wazazi wao, na mikia mifupi ya kuchekesha.

Siku hiyo hiyo, nilikuwa nimeapa. Nikasema bado wanarudi ndani ya kibuyu kulala, na ni kweli, siku chache za kwanza wanarudi. Siku ya tatu wakaacha kurudi. Nikasema makaa yamelowa. Nikasema nimechoka. Nikasema Jumapili si siku ya kuchoma vitu. Senge akapiga simu mara ya kwanza nikasema nimechoma, neno likatoka kabla sijalifikiria. Na leo la pili. Siku tisa tangu watoke, Baba, na mimi nazunguka nyumba hii na kiberiti mfukoni.

Asubuhi hii, simu ikiwa bado moto mkononi, nikaja tundu. Hodi, hodi, nikahesabu. Nikamwona Mama Karani ameokota unyoya mweupe wa kuku, amepanda nao, ameingia kibuyu. Akatoka, akaokota mwingine, akaingia. Unajua maana yake. Kesho au kesho kutwa anataga.

Nikafurahi. Wacha nikuambie ukweli, nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Maana akitaga, yeye ni mzazi tena, na mzazi hatolewi nyumbani, Senge mwenyewe alisema. Ningempigia nimwambie. Wiki mbili za mayai, wiki tatu za vitoto, halafu nani anajua, Mama Karani hachoki kutaga. Ningeweza kukaa na wewe hapa mwaka mzima na hakuna mtu angenilaumu.

Nilifurahi hivyo kama dakika moja. Halafu nikajisikia vibaya sana, na nikaketi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliketi leo.

Senge anasema nywele zinanishika. Si kweli, Baba. Mimi ndiye nimezishika. Koti lilienda, kiti kilienda, sauti yako imeanza kunipotea, juzi nilijaribu kukumbuka vile unavyosema jina langu na ikachukua muda. Nywele hizi ndizo zimebaki za mwili wako juu ya ardhi, na kila asubuhi nachukua kioo naziangalia. Nikizichoma sitakuwa na wewe popote. Hiyo ndiyo inanitembeza barabarani. Sijui kama ndege wanakuzungusha huko uliko, wala sijui kama huko uliko kuna kuzungushwa, lakini kama yuko mtu anakushikilia usiende, mtu huyo amekaa hapa veranda na kilemba kichwani.

Na tena nimefikiria jambo lingine. Uliwapa akina Karani nywele zako ili watoto walale pahali laini. Walilala. Wamekua, wameruka, mmoja amekunywa maji kwenye kile kifuniko cha soda ulichowawekea nikiwa hapa hapa naandika. Hukuwapa ili mimi niziangalie kwa kioo.

Nimekukosa, Baba. Nimekukosa asubuhi zaidi, na saa ya chai, na stima ikipotea. Sikuwahi kukuambia kwamba nilipenda ukiniambia niketi chini. Ulikuwa mtu pekee ambaye kuhangaika kwangu hakukumchosha.

Sasa sikiliza ahadi zangu, halafu nikuache. Wafanyakazi hawaendi popote. Kuna jamaa wa Ngong anayefuga, amenitumia ujumbe mara mbili akiwataka wote na tundu lao, na nimemjibu hapana. Vitoto vitatu sijavipa vyeo bado, nasubiri nione tabia. Senge nitampigia jioni nimwambie nilimdanganya mara mbili, na atanitukana mpaka chaji iishe, na nitanyamaza nisikilize. Mama Karani nimemwekea kikapu kingine na nyasi kavu za huku, nyingi, atanuna siku mbili halafu ataingia. Nimeshaangalia makaa, yamekauka. Yalikuwa yamekauka siku zote.

Haya, Baba. Watoto wamekua. Umefanya kazi yako yote, ya kwetu na ya kwao. Nenda kwa Mama, nenda polepole usimshtue, na usigeuke nyuma kwa sababu yangu. Mimi nitatulia, na nisipotulia nitakuwa vile nimekuwa siku zote, na hiyo pia unaijua. Nenda salama, mzee wangu.

Mama Karani ametoka kula. Naweka kalamu chini, naenda kukitoa kiota sasa hivi, kabla hajataga.

Binti yako,
Kageha